Shingo ya Ng'ombe Iko Tumboni Kwangu

Wauza nguo wa katikati ya Kampala hawajawahi kukosa jibu. Shati likipwaya, ndiyo fasheni ya sasa. Likibana, litaachia ukishalifua. Kiatu kikiuma, mguu ndio wenye makosa. Sasa mimi nimenunua koti la ngozi, jipya, shilingi 380,000, lina mikunjo mbele, nyuma na mikononi, na nikaambiwa nishukuru. "Mzee wangu, mikunjo ndiyo ushahidi wa ngozi halisi! Ukiona koti halina mkunjo, hiyo plastiki."

Basi nikashukuru. Hasira zilinikuta teksi paki, nimebanwa kati ya mama mwenye jogoo na kijana mwenye spika. Kwani jamani, bati likiuzwa limepinda, nako tutaambiwa huo ni ushahidi wa chuma?

Kabla hamjaniuliza koti la ngozi la nini katika nchi ya jua: mimi ni dereva wa lori, Kampala hadi Katuna, mpakani na Rwanda, kupitia Kabale. Mtu asiyeijua Kabale hudhani Uganda nzima ni joto. Mji ule unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukifungua mlango wa kabini alfajiri, pumzi yako unaiona kwa macho. Vijana wa boda boda wao huvaa jaketi kubwa la mitumba kinyumenyume, zipu ikakaa mgongoni, ili upepo ukutane na nguo nzima. Mimi nina kioo mbele, kwa hiyo naruhusiwa kuvaa kama Mungu alivyokusudia.

Nyumbani Kireka, mama watoto alilishika koti kwa vidole viwili. Akaligeuza. Akalinusa. "Hili limelaliwa," akasema, na kurudi kwenye ndizi zake. Hukumu imetoka, rufaa hakuna. Jirani naye akaja mbio na pasi ya mkaa, imeshapulizwa, cheche zinaruka. Nililikumbatia koti kama mtoto. Ngozi na pasi ya moto hazikai pamoja: hujikunja, hukakamaa, na ikishasinyaa hairudi tena. Jirani alinuna siku nzima, eti nimekataa msaada.

Nikaenda kwa fundi viatu pale barabarani. Mtu anayeshona ngozi tangu asubuhi hadi jioni hawezi kunidanganya kwa koti ambalo hakuniuzia yeye. Akalilaza kwenye paja, akapitisha ukucha juu ya mkunjo mmoja wa mgongoni. "Unaona huu? Umenyooka. Umetoka kwenye kipande hiki, umevuka mshono, umeingia kipande cha pili, wala haukuomba ruhusa. Huu ni wa boksi. Limekunjwa, likasafirishwa chini ya mizigo." Halafu akashuka mbele, chini ya mfuko wa kushoto, penye vimistari vidogo vinavyopindapinda vikikimbizana. "Na huu? Umefika kwenye mshono ukakoma. Upande wa pili ni ngozi ya mahali pengine, haina habari. Huu ng'ombe alikuwa nao mwenyewe."

"Mahali gani?"

"Shingoni."

Nikakaa kimya kidogo. Shingo ya ng'ombe, ile anayoinamisha kutwa nzima akila majani, ndiyo iliyoletwa kukaa tumboni kwangu, mahali ambapo mimi mwenyewe tayari nina mikunjo ya kutosha.

Fundi hakuishia hapo. Alibonyeza ngozi kwa dole gumba. Vimistari vikatawanyika kuzunguka dole, akaachia, vikapotea. Akasema hapo pazima. Akabonyeza chini ya kwapa la kulia: ngozi ikavimba, ikabaki imeinuka hata alipoondoa mkono. Pale, akaniambia, tabaka la juu limeachana na la chini, na hakuna dawa. Ngozi ya mgongo wa ng'ombe ndiyo iliyokaza, ya tumbo na ya makwapa ni legevu, na mwenye kiwanda hataki kutupa kitu. Na lile neno la muuzaji, eti plastiki haina mkunjo? Fundi alicheka mpaka akaweka sindano chini. Plastiki hupigwa mikunjo kwa rola, alama ileile inajirudia kila kiganja. Tena iko ngozi halisi inayosuguliwa juu na kupakwa rangi mpaka inakuwa laini tupu, haina hata alama ya kupe. Kwa hiyo mkunjo hauthibitishi kitu. Mimi ndiye niliyelipia ushahidi ambao hauwezi kusimama hata mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Tangu siku ile siwezi kupita Lyantonde kwa amani. Zile ng'ombe za Ankole zenye pembe ndefu, ambazo watu wa mbali husimamisha gari kuzipiga picha, mimi naziangalia shingo. Nahesabu mikunjo. Nikiona kupe nasikitika, kwa sababu kila kupe ni kijitundu kwenye koti la mtu. Ikiwa ubavuni ana alama ya kuchomwa chuma cha moto, najisemea, hapo mfuko wa ndani utalala. Utingo wangu anadhani nataka kuacha udereva nikafuge. Mwache adhani. Kinachoniuma ni kwamba ngozi nyingi za huku huondoka nchini zikiwa zimetiwa dawa ya kromu tu, bado za bluu na mbichimbichi, kisha tunauziwa makoti yanayosemekana yametoka Uturuki. Huenda ng'ombe wangu nimeshawahi kumpigia honi.

Basi nikarudi dukani. Hapa Uganda, baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini ukikiongea dukani kwa sauti nzito bado watu wanakudhani mwanajeshi. Muuzaji alisimama wima. "Ndiyo, afande!" Nikaona mambo ni mazuri. Nikamwonyesha kwapa. Nikabonyeza, likavimba, likabaki. Nikamwambia ile mikunjo ya boksi namsamehe, itatoka. Ya shingo naweza kuishi nayo, ila alitakiwa kuiweka mgongoni na bei ashushe. Ya kwapa ni ugonjwa, nataka pesa yangu. Papo hapo Kiswahili kikamtoka kichwani chote. Hakujua hata "pesa". Alijua kunyoosha kidole tu kwenye karatasi ya ukutani, yenye wino mwekundu, inayosema mali ikishauzwa hairudi.

Mungu si Athumani, nilikuwa nimebakisha deni la shilingi 40,000. Nikatoa noti ya dola kumi niliyopewa na mteja Katuna, iliyokaa wiki nzima kwenye kitambulisho, imekunjwa mara mbili. Akaiinua kwenye mwanga. Kiswahili kikarudi.

"Mzee, hii imekunjika."

"Huo ndio ushahidi kwamba ni halisi."

"Hapana mzee, forex hawachukui mkunjo."

Na kweli hawachukui! Maduka ya kubadilisha fedha hapa mjini yanaitaka dola kama bibi harusi: mpya, imenyooka, haina doa. Ya zamani wanakurudishia. Noti ndogo wanakupa bei ndogo. Wamarekani wenyewe wanasema noti zao zote za tangu 1861 bado ni halali, hata kama umezikalia, lakini nenda kalisemee hilo dirishani pale uone. Karatasi ikikunjika inakuwa kasoro, koti likikunjika linakuwa ushahidi, na anayeamua hayo yote ni mtu mmoja yuleyule, mwenye kalamu sikioni. Tulibishana hadi mama wa duka la jirani akaja na kiti kusikiliza vizuri. Mwisho muuzaji alinifutia ile 40,000 yote, kwa sharti kwamba nisibonyeze kwapa mbele ya wateja.

Ikabaki mikunjo ya boksi. Kila mtu aliyesoma ana ushauri mmoja: litundike bafuni, fungulia maji ya moto, mvuke utainyoosha. Sawa. Bafu letu ni mabati manne na beseni, juu ni mbingu. Mvuke wenyewe ungeenda Entebbe. Lakini mama watoto ni Mganda wa Masaka, na matoke kwake hayachemshwi harakaharaka. Hufungwa kwenye majani ya mgomba yakakaa motoni saa nyingi, sufuria inatoa mvuke hadi dari inalowa. Nikalitundika nyuma ya mlango wa jikoni, mbali na moto, kwenye hanga pana la mbao, kwa sababu hanga la waya huotesha nundu mabegani na mimi sitaki kumrudisha ng'ombe mzima. Nilikuwa nikipita na kulinyoosha kwa viganja, taratibu, na mama watoto ananiangalia kwa jicho lile la mtu anayehesabu mahari yake kama ilitosha.

Ile mistari ya boksi imetoka yote, mgongo umenyooka safi. Shingo imebaki tumboni. Tatizo jipya ni harufu. Juzi saa kumi na moja alfajiri, foleni ya Katuna, baridi inang'ata, nikashuka kwenye lori na koti langu. Dereva wa mbele akateremsha kioo, akanusa hewa.

"Kaka, nani anapika?"

Nikamwambia hakuna anayepika. Hakuniamini. Akashuka na sahani.