Skripti inayoandika "Tayari!" wakati imeshafeli
Jamani, hizi skripti (faili za amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine) za kusanidi mashine zinazofeli mstari wa tatu kisha zinasonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea! Jana cd, amri ya kuingia kwenye folda, ilikosa folda, na mstari uliofuata ulikuwa rm -rf *, yaani futa vilivyomo hapa bila kuuliza. Ikafuta vilivyomo kwenye folda niliyokuwemo, pamoja na kazi yangu ya wiki nzima, halafu mwishoni ikaandika "Tayari!" Tayari nini? Bash, programu inayotekeleza amri hizi, haisimami yenyewe amri ikishindwa, lazima uiambie. Wekeni set -e (simama amri ikishindwa) juu kabisa, au unganisheni amri hizo mbili kwa &&, ya pili isiguse kitu kama ya kwanza imekwama. Ni herufi chache tu! Na ile njia ya folda ya /home/ yenye jina la mwandishi wa skripti, iondoeni. Kwangu folda hiyo haipo, $HOME, yaani folda ya nyumbani ya anayeiendesha skripti, inatosha.