Pesa ya Kilwa ikiondolewa mahali pake

Pesa ya shaba ya Kilwa ni kitu kidogo, upana wake kama kitufe cha koti. Upande mmoja limeandikwa jina la sultani kwa Kiarabu, upande wa pili maneno ya kumtumainia Mwenyezi Mungu, na pande hizo zinaitikiana kwa vina: al-Hasan huku, al-minan kule. Sisi tuliolelewa na mashairi tunaihisi ladha yake mara moja. Ila mwaka haukuandikwa. Karibu pesa zote za shaba za Kilwa hazina tarehe, hivyo umri wake hutegemea mahali ilipolala, na hapo ndipo mvutano kati ya wanaakiolojia na watu wanaookota na kukusanya vitu vya kale unapokuwa mzito kuliko unavyodhaniwa.

Mwaka 1944 askari wa rada wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, alikuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Akaokota sarafu tisa mchangani, akazitia kwenye mkebe. Zilikaa humo hadi 1979 alipozipeleka zitambuliwe: nne za Kiholanzi, tano za Kilwa. Tangu hapo dhana zimefuatana. Wako wanaowataja Wareno, wako wanaosema ni meli iliyovunjika, na wako wanaotaka kuamini kwamba mabaharia wa kwetu walifika huko wenyewe. Natamani hiyo ya mwisho iwe kweli, lakini kutamani si ushahidi. Hakuna aliyeandika sarafu zile zilikuwa kina gani, zimelala na nini, kama za Kilwa na za Kiholanzi zilifika kwa safari moja au kwa kupishana karne kadhaa.

Sasa ziweke kando ya zile za Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 ilipatikana hapo akiba iliyofukiwa: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Dinari zilikuwa na tarehe, ya karibuni kabisa ikiwa ya 1066. Za fedha zilibeba majina ya watawala wa pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa miaka ya 1960, alikuwa amemweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Akiba ya Mtambwe ilifanya wataalamu wamrudishe nyuma zaidi ya karne moja. Si dhahabu peke yake iliyofanya kazi hiyo, wala fedha peke yake. Ni kule kukaa kwao pamoja shimo moja. Angeifukua mtu usiku, akampelekea sonara dhahabu na mtalii fedha, kila kipande kingebaki salama na historia ingepotea.

Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, jambo hilo linaonekana hata bila hazina. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliochimbua mji huo kuanzia 2009, waliweka kumbukumbu ya mahali ilipolala kila pesa, pamoja na zile zilizotawanyika penye makaburi, penye vijiwe vyeupe. Anayezuru makaburi ya pwani na kukuta ubani na vitambaa hahitaji kuelezwa sana: pesa zile ziliachwa na watu waliokuja kuwakumbuka maiti wao. Iokote moja uitie mfukoni, na dua ya mtu inageuka kuwa kipande cha shaba.

Hata hivyo siwezi kuwatupa waokotaji upande wa wahalifu. Orodha za mwanzo za pesa za Kilwa zilitegemea sana sarafu zilizopita mikononi mwa watu kabla ya kufika makumbusho. Bahari nayo inakula fukwe zetu. Pesa iliyofunuliwa na mvua leo huenda kesho ikachukuliwa na maji kujaa. Na wenye kibali hawana mikono misafi daima. Great Zimbabwe, Richard Hall alipewa kazi ya kuyatunza magofu mwaka 1902, akazoa na kutupa matabaka ya udongo ambayo ndiyo yangeeleza nani alijenga. Mtu wa kijijini ana haki ya kuuliza: hao waliochimba kwa kibali walituachia nini? Vitu viko makabatini mjini au ng'ambo, ripoti ziko kwa Kiingereza.

Uingereza walijaribu njia nyingine. Kwa mpango ulioanza 1997, anayeokota kitu England au Wales anaweza kukipeleka kwa ofisa, kikaandikwa na mahali kilipotoka, na mara nyingi akarudishiwa. Kikiwa hazina kisheria na makumbusho yakakitaka, hulipwa yeye na mwenye shamba. Vitu vilivyoandikwa vimepita milioni moja. Wapo wanaakiolojia wanaolalamika kwamba mpango huo umehalalisha kupekua mashamba kwa mashine za kunusa chuma, na wana hoja, maana fidia huvuta wachimbaji. Kwetu, penye umaskini na walinzi wachache wa magofu, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo nisingeinakili njia hiyo ya Uingereza. Sheria ya Tanzania ya mambo ya kale, ya 1964, inalinda kitu chochote cha mkono wa mtu cha kabla ya 1863 na inamtaka aliyekiona atoe taarifa. Hilo libaki. Ila namtofautisha mtoto aliyeinama ufukweni na mnunuzi anayeagiza pesa hizo kupitia mtandao. Bila wa pili, wa kwanza asingekuwa na soko, na ukali wote uelekezwe kwa huyo. Kwa mtoto nataka afisa utamaduni anayepokea simu: piga picha kabla ya kugusa, mahali paandikwe, jina la mwonaji liingie kwenye daftari na kwenye kibao cha maonyesho, kwa Kiswahili, palepale kisiwani.

Isenberg mwenyewe aliacha ramani aliyoitia alama pale alipookota. Mwaka 2013 msafara wa mwanaanthropolojia Ian McIntosh ulikwenda Wessel na ramani hiyo mkononi, karibu miaka 70 baadaye, ukitafuta pale penye alama.