Walawi 14 na Mama Mwenye Nyumba

Mwaka huo niliapa kumaliza Biblia nzima, Mwanzo hadi Ufunuo. Hesabu niliipiga nyuma ya risiti pale kibandani kwangu ninapotengeneza simu, soko kuu la Mtwara: sura 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, unamaliza na chenji inabaki.

Usingizi sikuupigia hesabu. Saa kumi na moja alfajiri, kitandani, Biblia kifuani: siku ya pili tu nikafika kwa Methusela aliyeishi miaka 969, nikalala kabla hajafa. Ukurasa ule hadi leo una doa la udenda. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Toka kitandani, kaa kwenye kiti, soma kwa sauti. Usingizi unaogopa sauti."

Ushauri mzuri, ila mzee hajawahi kukiona chumba changu.

Nimepanga Magomeni ya hukuhuku Mtwara, nyumba ya bati isiyo na dari. Kuta za ndani zinaishia njiani, hazifiki kwenye bati, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha kwanza, cha nne wanakupa pole. Upande wa pili wa ukuta wangu analala mama mwenye nyumba mwenyewe, na alfajiri hiyo huwa yuko juu ya msala, anaswali na kuvuta uradi.

Na kwenye ukuta huohuo, nyuma ya kabati langu, kulikuwa na ukungu. Mvua za huku zikianza Desemba hazina haraka ya kuondoka, na kufikia Februari ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa goti: kijani katikati, pembeni wekundu kama kutu. Ukiupitishia kidole unabaki na unga wenye harufu ya gunia lililolowa. Nilimwambia mama mara tatu. Mara ya tatu akanijibu, "Mwanangu, hiyo ni hewa ya bahari tu."

Basi, mwanzoni mwa Februari ratiba ikanifikisha Walawi 14. Biblia yangu ni ile tafsiri ya 1952, ambayo Kiswahili chake hata kikitaja mboga kinasikika kama hukumu. Na siku hiyo nilikuwa na sauti nzuri, sijui kwa nini. Nikasoma habari za nyumba yenye pigo: mwenye nyumba aende kwa kuhani, vyombo vitolewe nje, kuta zikaguliwe kama zina rangi ya majani au wekundu, nyumba ifungwe siku 7, mawe yenye pigo yang'olewe yakatupwe nje ya mji, na pigo likirudi, nyumba yote ibomolewe, mawe, miti na lipu yake.

Kitu kikaanguka upande wa pili. Nikadhani paka. Nikaendelea mpaka aya ya 57.

Nafunga kitabu, mlango unagongwa. Mtwara kuchele! Nje kumepambazuka, na mlangoni yupo mama mwenye nyumba kajitanda kanga, mjumbe wa nyumba kumi ana tochi inayowaka mchana kweupe, na wapangaji wote nyuma yao, mmoja na mswaki mdomoni.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Mama wa huku asipoitikia shikamoo, anza kutafuta viatu.

"Mjumbe, muulize huyu kijana nimemkosea nini mpaka anisomee halbadiri." Yaani kile kisomo cha kumwapiza aliyekudhulumu.

"Mama, mimi Mkristo, halbadiri nitaitoa wapi?"

"Ndiyo maana nashangaa! Kumbe na nyie mnayo! Nimesikia kwa masikio yangu, mwenye nyumba hivi, nyumba ifungwe, nyumba ibomolewe! Kisa ukungu!"

Mjumbe akaomba kitabu. Akakisogeza mbali, akakileta karibu, miwani hana, akanirudishia. "Soma tena. Polepole."

Nikasoma mbele ya kadamnasi, nimevaa bukta. Nilipotamka mwenye nyumba, mama akampiga mjumbe kiwiko. Nilipofika pale pa rangi ya majani, mjumbe akainua mkono ninyamaze. Akaingia ndani, akasogeza kabati akisaidiwa na yule wa mswaki, akamulika. Hapo nikaelewa tochi imefuata nini. Akagusa ukuta kwa kidole, akanusa.

"Ya majani," akasema. "Na nyekundu ipo."

Kimya. Mpangaji wa chumba cha nne, ambaye ukungu wake ni baba wa huu wangu, akasema taratibu, "Amina."

Mama akakaa kitandani kwangu. "Kitabu gani hicho?"

"Torati, mama. Ya Nabii Musa."

Uso ukabadilika. "Nabii Musa? Sasa si ungesema tangu mwanzo! Na yeye alisema dawa yake nini?"

"Wakwangue ndani pande zote, watie mawe mengine, wapige lipu upya."

Jumatatu fundi akaja na mifuko miwili ya saruji.

Mimi kwa aibu nikakaa siku mbili bila kusoma. Siku ya tatu, saa kumi na moja, ukuta ukagongwa. "Mwanangu, mbona kimya? Ile nyumba ilipona?" Nikamsomea: kuhani akirudi akakuta pigo halikuenea, nyumba ni safi, waletwe ndege wawili. Akauliza kama kuku anafaa.

Tangu hapo alamu nimeizima. Ratiba ya sura tatu nayo imekufa, maana mama ana maswali, na mengine inabidi niyaandike kwenye daftari nikamuulize mzee wa kanisa. Punda wa Balaamu, yule aliyefunguliwa kinywa akamsemesha bwana wake, tulimrudia asubuhi tatu. Mama alicheka hadi akapaliwa, akasema yule punda angemfaa kuliko mpangaji. Desemba ikatukuta bado jangwani, Kumbukumbu la Torati.

Ukuta umekauka, unang'aa. Kodi imepanda elfu kumi kwa mwezi. Nimepekua Walawi sura zote 27, hiyo aya siioni.