Tela la boti: chuma kinaonewa

Mtu akitaka tela la kubebea boti ya faiba hapa Zanzibar, ushauri anaopewa siku hizi ni mmoja: kimbia chuma, nunua aluminiamu. Hoja yenyewe ni fupi na anaielewa hata asiyejua ufundi. Chuma hushika kutu, aluminiamu haishiki, na pwani ni chumvi tupu. Anayebisha huoneshwa tela lililotupwa chini ya mnazi, fremu imetoboka, halivutiki tena. Matela ya namna hiyo yapo kweli, Unguja na Pemba.

Mimi nabisha juu ya kilichoyaua. Mengi yalitengenezwa kwa bomba la mraba jembamba, likapigwa rangi kwa nje, kisha likaanza kuingizwa baharini. Maji ya chumvi hupenya kwenye tundu la bolti au kwenye mshono usiozibika vizuri, yakishaingia hayapati pa kutokea, na bomba huliwa kuanzia ndani ilhali rangi ya nje bado inang'aa. Mwenyewe anakuja kujua siku fremu inapokatika. Bomba lilikuwa limefungwa, ndani halikuwa na kinga yoyote, na lawama ikabebwa na chuma chote duniani.

Aluminiamu nayo ipewe haki yake. Kwa ujazo uleule, uzito wake ni theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Ikikutana na hewa hujitandika utando mwembamba unaoilinda, na utando huo ukikwaruzwa hujirudia wenyewe. Aina za vyombo vya bahari, kama ile yenye namba 5083, hukaa miaka mingi kwenye maji ya chumvi bila rangi. Kwa mwenye jetski za watalii, anayezishusha na kuzipandisha kutwa kwenye mchanga laini, tela ambalo vijana wawili wanalisukuma bila gari ni faida isiyopingika. Huyo na anunue, sina neno naye.

Kwa mwenye boti ya kuvulia, wepesi huo hupungua mara fundi anapoanza kupima. Aluminiamu ni nyepesi mara tatu, lakini pia hunepa mara tatu: boriti ya umbo lilelile, chini ya mzigo uleule, itapinda mara tatu ya ile ya chuma. Inabidi iongezwe kimo na unene, na uzito uliotarajia kuuokoa unarudi kidogo kidogo. Tuseme gari lina kilo 1,800, boti na mashine yake kilo 900, na tela la chuma kilo 300. Jumla ni kilo 3,000. Tela la aluminiamu likiwa kilo 180, umeokoa asilimia 4 ya mzigo wote unaokwenda njiani. Kwa lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Zambia hiyo ni pesa. Unguja yote ina urefu wa kilomita 85 hivi, Pemba ni fupi zaidi, na tela la boti safari zake nyingi ni baina ya banda na ufukwe. Mafuta yanayookolewa na wepesi huo hayatarudisha tofauti ya bei, kwa sababu kilo ya aluminiamu huuzwa mara kadhaa ya kilo ya chuma.

Inabaki kutu, na hapa ndipo chuma kinapodhulumiwa zaidi. Watu hulinganisha aluminiamu na chuma cha rangi, na kumbe mwenzake wa haki ni chuma kilichochovywa zinki. Fremu huchomelewa yote kwanza, ikatobolewa matundu yake yote, ndipo ikazamishwa nzima nzima kwenye birika la zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi 450 hivi. Zinki hushikamana na chuma, huingia ndani ya mabomba na kufika pembe ambazo brashi haifiki. Pakikwaruzwa, chumvi huila zinki iliyo jirani kabla ya kukigusa chuma.

Kwa kiasi gani? Kipimo cha kimataifa cha kazi hiyo, ISO 1461, kinataka chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 kipate zinki ya wastani wa maikroni 70, yaani sehemu 70 za elfu moja za milimita. Kipimo kingine, ISO 9223, hupanga hewa kwa ukali wake. Katika daraja la C5, ambalo pwani zenye chumvi nyingi huingia, zinki hupotea maikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Ukigawanya, unapata miaka minane hadi 16 kabla chuma hakijaonekana. Chuma kitupu katika daraja hilohilo hupoteza maikroni 80 hadi 200 mwaka wa kwanza. Kasi ya kuliwa imepungua mara 20 hivi, na kilichoipunguza ni ngozi nyembamba ambayo mnunuzi haioni kwa jicho.

Hesabu hiyo ni ya hewa, si ya kuzamishwa. Ufukwe wa mashariki unaopigwa rasharasha za kusi unaweza kuvuka C5, na tela linaloingia majini kila siku bila kusuuzwa litaishi pungufu. Kata miaka hiyo nusu basi. Bado tunazungumza tela la kufanya kazi miaka minne hadi minane kabla ya kutu ya kwanza, na kutu ya kwanza bado si mwisho wa fremu yenye unene wa milimita 5.

Kinachowavunja watu moyo ni zinki ya jina tu. Mabomba mengi ya mraba yanayoitwa ya zinki hukunjwa kutoka kwenye bati lililopakwa zinki kiwandani mapema. Daraja lake la kawaida, Z275, ni gramu 275 kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, sawa na maikroni 20 kila upande. Kwa hesabu ileile ya hewa ni miaka miwili na nusu hadi mitano. Kisha fundi anachomelea, na zinki inaungua palepale penye mshono, pahala panapobeba nguvu zote. Mwenye tela ameambiwa lina zinki, baada ya muda mfupi anaona wekundu kwenye viungo, anaapa kwamba zinki ni uongo. Ameuziwa robo ya kinga akahukumu kinga nzima.

Tena, hata tela la aluminiamu lina chuma ndani yake. Ekseli, springi na beringi ni za chuma, na tela mara nyingi huanza kufa hapo. Kitovu cha gurudumu kikitoka njiani kimepata moto, kisha kikatumbukizwa majini ghafla, hewa ya ndani hupoa ikasinyaa na kuvuta maji ya chumvi mpaka kwenye grisi. Hilo halitizami fremu ni ya nini. Na bolti za stenlesi zikibana aluminiamu bila washa ya plastiki katikati, kwenye maji ya chumvi inayoliwa ni aluminiamu. Unauona unga mweupe ukijaa kuzunguka bolti.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni tela likipasuka. Fremu ya chuma ikifanya ufa, kuanzia Saateni, mjini Unguja, mpaka Konde, kaskazini mwa Pemba, kuna mtu mwenye mashine ya kuchomelea na vijiti vyake, na mshono mzuri wa chuma hurudisha karibu nguvu yote. Mafundi aluminiamu nao ni wengi, lakini kazi yao ni milango na madirisha, ya skrubu na riveti. Kuichomelea ni ufundi mwingine kabisa: metali inayeyuka kwenye nyuzi 660, utando ulio juu yake unahitaji zaidi ya 2,000, kwa hiyo unatakiwa umeme wa namna yake na gesi ya argoni. Hata ikichomelewa vizuri, aina ya aluminiamu yenye namba 6061, iliyokazwa kwa joto, hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kandokando ya mshono. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa matela ya boti ya aluminiamu huyafunga kwa bolti. Aidha chuma kina kiwango cha mtikisiko ambacho chini yake hakichoki, yaani hakifanyi ufa hata kikitikiswa mara nyingi. Aluminiamu haina kiwango cha wazi namna hiyo, kila shimo la barabara linahesabika.

Kwa kikundi cha wavuvi wanaochangia tela moja, hilo ni riziki. Wakati wa bamvua, bahari yetu inapopanda na kushuka karibu mita 4, nafasi ya kushusha boti ni ya saa chache. Tela likikatika Mkoani, kule Pemba, na anayeweza kulichomelea yuko ng'ambo ya bahari, boti inakaa juu ya mchanga na watu hawaendi kuvua.

Kikundi kama hicho ningekiagizia chuma cha chaneli iliyo wazi, yenye umbo la U, unene wa milimita 5, kisichokuwa na bomba lililofungwa popote. Kila tundu litobolewe na kila mshono ukamilike kabla ya kuchovya. Taa na vibao vifungwe kwa bolti ili asije mtu kuchomelea juu ya zinki. Pesa inayobaki kwenye bei ya aluminiamu inunue beringi za akiba, grisi, na pipa la maji matamu likae pwani, tela lisuuzwe kila linapotoka baharini.