Dawa za Kainesi Zinahitaji Kipimo Kwanza

Hapa Mombasa, familia ikiambiwa kwamba mmoja wao ana saratani ya damu, jambo la kwanza kuulizwa huwa ni dawa: inaitwaje, inapatikana wapi, ni shilingi ngapi. Wana haki ya kuuliza hivyo. Hata hivyo nashikilia kwamba kwa kundi moja muhimu la dawa za siku hizi, yaani zile zinazozuia kainesi za protini, kipimo chapaswa kuulizwa kabla ya dawa, na kwamba sisi watu wa Pwani tumechelewa kukidai.

Kainesi ya protini ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti, yaani kipande kidogo cha kemikali, kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye protini nyingine. Protini iliyopachikwa hubadilika umbo, ikaanza kazi au ikaiacha, na mara nyingi nayo huwa ni kainesi inayokwenda kumpachika mwenzake, hivyo hivyo hadi ujumbe uliopokelewa kwenye utando wa seli ukafika ndani ya kiini. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliubainisha utaratibu huu mjini Seattle katika miaka ya 1950, walipokuwa wakichunguza jinsi misuli inavyovunja glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa mwilini, na mwaka 1992 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana zaidi ya jeni 500 za kainesi za aina hii. Hata kipokezi cha insulini, ambacho ujumbe wake hufifia kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ni kainesi.

Katika seli yenye afya, kainesi huwaka kwa muda, kisha vimeng'enya viitwavyo fosfatasi huiondoa ile fosfeti na ujumbe ukakoma. Hatari huja pale kainesi inapokataa kuzimika, mithili ya pampu ya maji iliyoharibika swichi, inayoendelea kusukuma maji ilhali tangi limekwisha kufurika. Ndivyo ilivyo katika lukemia sugu ya mailoidi, mojawapo ya saratani za damu. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kromosomu (uzi unaobeba jeni) fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa, na mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Pale vipande vilipoungana huzaliwa jeni ya BCR-ABL, nayo hutengeneza kainesi inayoziamuru chembe za damu ziongezeke bila kikomo.

Vidonge vya imatinibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujibana katika nafasi ambayo ATP ingeingia, na kainesi hiyo ikanyamaza. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanza na dawa hii, takriban 83 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka kumi. Naitaja takwimu hii kwa makusudi, maana bado wapo ndugu zetu wanaoamini kwamba kila saratani ni kifo kilichokwisha kuandikwa, na kwa ajili hiyo hawaendi hospitali mapema.

Lakini vidonge hivyo hivyo havina faida kwa lukemia isiyoendeshwa na kainesi vinayoilenga. Na hata pale vinapofaa, seli za saratani zinaweza kubadilika: badiliko liitwalo T315I, ambapo asidi-amino (kijenzi cha protini) moja tu ya kainesi inabadilishwa na nyingine, huizuia imatinibu isishike. Mgonjwa anaweza kujisikia mzima, akafanya kazi zake Kongowea kama kawaida, huku kiasi cha BCR-ABL kikipanda kimya kimya katika damu yake. Kipimo cha jeni ndicho kitakachomwonyesha daktari mapema kwamba mambo yanaharibika, na katika miezi ya mwanzo hutakiwa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Saratani ya matiti pia ina hoja hiyo hiyo: dawa ya trastuzumabu huwafaa wale ambao uvimbe wao una kwa wingi HER2, kipokezi ambacho nacho ni kainesi, nao ni kiasi cha asilimia 15 hadi 20.

Kipimo cha BCR-ABL husoma RNA, yaani nakala ya ujumbe wa jeni, na RNA huharibika upesi. Damu iliyotolewa katika joto letu na kucheleweshwa njiani inaweza kutoa jibu lisiloaminika, kwa hiyo kuipeleka mbali si suala la nauli peke yake. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali za umma nchini zimezizoea kwa kupima kifua kikuu, zina katriji maalumu (kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine) ya kupima BCR-ABL, na majibu hupatikana kwa saa chache. Kinachobaki ni katriji zenyewe, mafunzo kwa wataalamu wa maabara, na utaratibu wa kuyafikisha majibu kwa daktari anayeandika dawa.

Kwa sababu hiyo naiomba serikali ya kaunti, inapopanga bajeti ya afya, iweke katriji hizo na kipimo cha HER2 kwenye fungu moja na dawa zenyewe, na wawakilishi wetu wa wadi wakatae kupitisha fungu la dawa ambalo halina fungu la kupima.