Mkirusha fataki Mwanza, tuambieni kwanza

Mwanza haifai kurushia fataki ovyo, na tatizo linaanzia kwenye mawe. Fataki ikilipuka Kirumba, mlio unagonga mwamba, unarudi, unagonga mwingine. Aliyeko Isamilo, au kule Igogo nyumba zilikojibanza katikati ya majabali, anasikia kishindo kimoja mara mbili tatu asijue kimetokea upande gani. Ziwani nako hakuna nafuu, kwa sababu maji hayamezi sauti. Mwenye sherehe kalipia rangi: nyekundu ya strontiamu, kijani cha bariamu. Sisi wa mlima wa pili tunaletewa mlio peke yake, tena bila kadi ya mwaliko.

Sisemi zipigwe marufuku. Mkesha wa mwaka mpya, saa sita kamili, na mimi natoka nje kutazama, na sioni kwa nini watoto wanyimwe. Diwali nayo ina tarehe yake, mtu akitaka kujiandaa anaweza. Kinachonikera ni zile za Jumanne ya katikati ya mwezi, saa tano usiku, kisa ukumbi fulani una sendoff na bwana harusi mtarajiwa ana marafiki wenye pesa. Hakuna aliyeambiwa. Unashtuka usingizini moyo unadunda, mtoto analia, na mbwa keshakata mnyororo.

Niseme kidogo kuhusu huyo mbwa, maana najua kuna watakaocheka. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa linafika 45,000 hivi, na paka anampita hata mbwa. Kwa hiyo ule mluzi wa fataki inapopanda na ule mpasuko wa juu, yeye anavipata kwa namna ambayo sisi hatuijui. Juu ya hapo, mbwa wengi wa mji huu ni wa ulinzi, wamefungwa. Mnyama aliyeshikwa na hofu huku amefungwa hujinyonga au hujichubua shingo. Akifanikiwa kujikata, anaruka ukuta wenye vipande vya chupa na kupotelea mitaani.

Balaa lenyewe linakuja asubuhi. Mbwa mgeni anakimbia hovyo Mabatini, ulimi nje, mate yanamtoka, haitiki jina. Mtoto mmoja akipiga kelele “kichaa!”, basi, na mawe Mwanza hayatafutwi. Siwalaumu wanaomrushia mawe. Kichaa cha mbwa kipo kweli Kanda ya Ziwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini yule mbwa huenda alichanjwa, ana kwao, na kosa lake ni kuogopa mlipuko. Na kama akimng'ata mtu katika hofu ile, kuna familia itakayohangaika kutafuta chanjo, ambayo si dozi moja, huku bwana harusi yuko fungate.

(Paka wangu hana makuu. Anaingia uvunguni na kususa chakula mpaka kesho yake jioni.)

Kama mbwa hawakugusi, fikiria kuku. Watu wangapi Nyakato, Buhongwa na Igoma wanasomesha watoto kwa banda la kuku wa kisasa? Kuku wakishtuka gizani hukimbilia kona moja na kulaliana, na wa chini wanakufa kwa kukosa hewa. Wa mayai wanaweza kupunguza kutaga. Hasara hiyo hailipwi na mtu, wala huwezi kwenda kudai, utamdai nani?

Ndege wa porini nao wamo. Huko Uholanzi, rada za hali ya hewa zimewaonyesha wakiruka kwa maelfu dakika chache baada ya fataki za mwaka mpya kuanza. Sisi tuna korongo wanaolala juu ya miti katikati ya mji, na tuna hifadhi ya taifa ya Saanane, kisiwa ambacho ukisimama Capripoint unakiona.

Saanane ina historia yake na milipuko. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitaka kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia Saanane na kuua wanyama. Wapo wazee mjini hapa wanaoikumbuka vita ile, na wapo waliopigana. Wapo pia waliohamia kutoka Mbagala na Gongo la Mboto kule Dar es Salaam, waliopitia milipuko ya maghala ya silaha ya 2009 na 2011. Mtu wa namna hiyo ukimlipulia kishindo saa tano usiku bila taarifa, usimwambie ajizoeze.

Kuna wanaopendekeza zirushiwe ziwani. Sikubaliani nao. Maji ya mabomba yetu yanavutwa ziwani humo humo, na masalia ya baruti na makasha yake sioni kwa nini tuyanywe. Afadhali uwanja mmoja unaojulikana, na dakika zilizopangwa. Uingereza, nchi inayopenda fataki kuliko sisi, sheria inakataza kuzirusha baada ya saa tano usiku, isipokuwa sikukuu chache kama Diwali na mwaka mpya, ambapo mwisho ni saa saba. Mji wa Collecchio kule Italia ulikwenda mbali zaidi, ukataka zisizo na kishindo.

Kwetu polisi huwa wanakumbusha kila mwisho wa mwaka kwamba fataki zinahitaji kibali. Vizuri. Basi kibali kiwe na sharti moja zaidi: mwombaji apeleke taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa siku mbili kabla, nao mwenyekiti aitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Gari la matangazo linapita kila wiki kututangazia mechi na dawa za kienyeji, lishindwe hili? Nikijua ni saa tatu usiku, namfungua mbwa mnyororo, namwingiza ndani, nafunga madirisha na kuwasha redio. Jirani yangu mfugaji anaacha taa bandani na kukaa karibu na kuku wake. Mwenye mgonjwa anajua la kumwambia. Ukumbi wenyewe haupotezi hata shilingi.

Mwezi wa kumi na moja nitaipeleka hoja hii kwenye mkutano wa mtaa wetu, kabla msimu wa sherehe haujaanza. Wa mitaa mingine, wapelekeeni wenyeviti wenu.