Pasheni Inanukia, Sukari Haipo

Kila ninapofungua chupa ya Soalheiro, mvinyo mweupe wa Ureno, kwa wageni, hakosi mmoja wa kutia pua kwenye glasi kisha akanirudishia: "Huu mtamu mno, mimi siuwezi." Hata hajaonja. Amenusa pasheni, pichi lililoiva na ganda la balungi, akakata shauri kuwa ndani mna sukari. Nikimbembeleza apige funda moja, mashavu yanambana kwa uchachu, mate yanamjaa, anaitazama glasi upya.

Naona Kiswahili kina mkono wake katika hili. Neno "tamu" tumelitwisha mizigo miwili: chai iliyokolea sukari ni tamu, na mchuzi wa pweza uliokolea ndimu na chumvi ni mtamu vilevile. Basi kinywaji kikinukia matunda, ulimi unajiweka tayari kwa sharubati. Jina mvinyo tulilipata kwa Wareno, kwao ni vinho, lakini huu mvinyo wao wenye harufu ya matunda bado tunauhukumu kwa pua peke yake.

Sukari ya zabibu ilikuwepo. Hamira ndiyo iliyoila wakati maji ya zabibu yanachachuka, ikaigeuza kileo. Harufu ikabaki, na haikutiwa na mtu. Zabibu ya Alvarinho, ndiyo inayotoa mvinyo huu, ni ndogo, ina ganda nene na maji machache, na sehemu kubwa ya harufu yake imo kwenye ganda na nyama iliyopakana nalo. Maji hayo huchachushwa taratibu kwenye matangi ya chuma, katika ubaridi, ili harufu isipotee hewani.

Shamba lenyewe liko Melgaço, kaskazini kabisa mwa Ureno. Ukivuka mto Minho umeingia Hispania. Ni sehemu ya eneo la Vinho Verde, maana yake mvinyo wa kijani, ingawa rangi yake si ya kijani: wengi huueleza ukijani huo kuwa ni uchanga wa mvinyo wenyewe. Eneo zima linanyeshewa sana na mvua za Atlantiki, ila Melgaço imekingwa na milima. Mchana jua linawaka, usiku baridi inashuka, na udongo ni wa mawe ya matale. Soalheiro kwa Kireno ni mahali panapopigwa jua.

Mwaka 1974 João António Cerdeira, aliyeanzisha Soalheiro kama mali ya familia, alipanda hapo shamba zima la Alvarinho. Kwa desturi ya huko, mizabibu ilipandishwa juu ya vichanja na miti pembezoni mwa konde, katikati pakaachiwa mahindi na chakula kingine. Yeye akaitoa ardhi ya chakula kwa mzabibu, mti unaokaa kama miaka mitatu kabla hujavuna cha maana. Mvinyo wa kwanza wenye jina la Soalheiro ulitoka mwaka 1982. Miaka minane! Meneja anayedaiwa faida kila robo mwaka asingepewa muda huo. Ndiyo maana nashikilia kuwa umiliki wa familia una uzito wake, hasa pale unapompa mtu nafasi ya kungoja. Hadi leo mizabibu ile ya mwanzo inatunzwa, na zabibu zake hutengenezewa mvinyo wake peke yake, Primeiras Vinhas.

Kinachoniuma ni jinsi unavyoandaliwa. Mgahawa mmoja niliokwenda ulituletea chupa iliyozama kwenye barafu saa nzima. Nikanusa: hakuna kitu, kama maji ya kisima. Nikaikumbatia glasi kwa viganja viwili, nikaizungusha polepole, tukaendelea na mazungumzo. Baada ya dakika kama kumi pasheni ikachomoza, balungi nyuma yake. Kazi yote ya shambani ilikuwa imefungiwa na barafu. Nyuzijoto 10 hivi zinatosha kabisa.

Wapo wanaosema mvinyo wa namna hii ni wa kunywa upesi, hauna maisha. Nilifungua wa miaka sita, tukala na changu wa kuchoma. Pasheni ilikuwa imepoa, mahali pake pameingia asali, ya kunusa tu, na ule uchachu ulikuwa bado umesimama wima. Mgeni wangu yuleyule wa "mtamu mno" alimaliza glasi yake, akaisogeza mbele bila kusema neno.